Ziwa la Chumvi Lililozikwa Kolwezi

Zamani, kabla ya reli na kabla ya maduka, watu wa Katanga hawakupata chumvi kwa urahisi. Wengine walichoma majani ya mtoni na kutumia majivu yake. Lakini chumvi iliyo nzuri ilitoka Mwashya, katika bonde la Mto Lufira. Hapo palikuwa na chemchemi zenye maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi maji yalikauka juu ya nchi, na udongo ukageuka mweupe kama unga uliomwagika. Watu wakaukwangua udongo ule, wakautia katika vikapu vyembamba kwa chini, wakamwagia maji juu yake. Maji yakapita polepole, yakaacha udongo kikapuni, yakadondoka katika chungu. Kisha wakachemsha chungu mpaka maji yakaisha kabisa. Kilichobaki chini kilikuwa chumvi.

Chumvi hiyo ilikuwa mali kubwa. Ilibebwa kwa vichwa mpaka nchi za mbali, ikabadilishwa na samaki, na chuma, na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Msiri, mfalme wa Wayeke aliyekaa Bunkeya mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1891, aliijua vizuri thamani yake. Mtu aliyeshika shaba na chumvi pamoja alishika biashara yote ya nchi.

Lakini chumvi hiyo ilitoka wapi? Bahari iko mbali. Kutoka Kolwezi mpaka pwani ya Lobito, nchini Angola, ndege angeruka zaidi ya kilomita 1,200 asipumzike, na bahari ya upande wa mashariki iko mbali kuliko hapo. Tena si jambo la bahati tu kwamba shaba na chumvi zilionekana katika nchi moja. Vitu hivi viwili ni ndugu. Vyote viwili vilipitia katika maji mamoja, maji ya ziwa kubwa la chumvi lililokuwapo hapa zamani sana, nalo sasa limezikwa chini ya vilima vya Kolwezi, vya Fungurume, vya Likasi, na hata kuvuka mpaka wa Zambia.

Kwanza yafaa kujua jinsi ziwa linavyogeuka kuwa la chumvi.

Mama akibandika sufuria ya maji kwa ajili ya bukari, akatia chumvi kidogo, kisha akaitwa na jirani akasahau, atakuta nini akirudi? Maji yamekwisha, na ukingoni mwa sufuria kuna duara jeupe. Moto umechukua maji, haukuchukua chumvi. Jua hufanya vivyo hivyo juu ya ziwa.

Kila mto hubeba chumvi, hata Lualaba. Mvua hupita juu ya mawe, huyala kidogo kidogo, na kila tone huchukua chembe zake. Chembe hizo ni chache mno, kwa hiyo ulimi hauzionji, na watu husema maji ya mto ni matamu. Lualaba huingia katika maji ya Upemba na Kisale, hutoka tena na kwenda zake kaskazini, na chumvi yake huenda nayo. Kwa sababu hiyo maziwa yale ni matamu, na samaki wake ni wengi.

Ziwa Tanganyika nalo lina mlango, ingawa ni mwembamba: Mto Lukuga, unaotoka karibu na Kalemie. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika pale akaukuta mto umezibwa na matete na matope, hata watu wakabishana kama maji yanatoka au hayatoki. Miaka michache baadaye maji yalipanda, yakalivunja zibo lile, yakateremka kwa nguvu mpaka Lualaba. Kama mlango ule ungezibwa daima, na maji yasipate njia nyingine, basi Tanganyika ingeanza kukusanya chumvi, mwaka kwa mwaka.

Ziwa lisilo na mlango hukusanya kila kitu kinacholetwa na mito. Karibu na Katanga liko moja, Mweru Wantipa, nchini Zambia, kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Maji yake yana chumvi, na katika miaka ya ukame hupungua sana mpaka sehemu kubwa inageuka kuwa tope. Lakini anayetaka kuona ziwa la chumvi hasa, na aende kaskazini mwa Tanzania, kwenye Ziwa Natron, katika Bonde la Ufa.

Bonde hilo ni mahali ambapo nchi imepasuka. Pande mbili zinaachana polepole, na kati yake ardhi imeshuka kama ukuta wa udongo unaobomoka. Ziwa Natron liko chini kabisa. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 50, lakini mtu mrefu angeweza kusimama mahali pengi asizame, kwa maana kina chake hakifiki mita 3. Mto Ewaso Ng'iro huleta maji kutoka Kenya, na chemchemi za moto hutoka kandokando. Hakuna mto unaotoka. Upande wa kusini husimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto usio na mwenzake duniani: uji wa mawe unaotoka ndani yake ni mweusi, mwepesi kama mafuta, na ukipoa na kupata unyevu hugeuka mweupe. Uji huo umejaa magadi.

Wamama wa nchi nyingi wanayajua magadi. Huyatia kidogo katika maharagwe magumu ili yaive upesi. Basi Ziwa Natron ni maharagwe mengi sana ya magadi, yaani sufuria iliyowekwa jikoni isiyotolewa kamwe. Maji yake huchoma ngozi. Mwaka 1954 Bwana Leslie Brown, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya kilimo ya Kenya, alitaka kufika katikati ya ziwa kwa miguu. Tope likamshika. Magadi yakaingia ndani ya viatu vyake. Alipotoka, miguu yake ilikuwa imebabuka na kuwa myeusi, akalazwa hospitalini majuma mengi, na waganga wakalazimika kumpandikiza ngozi.

Alikuwa anatafuta nini mahali pabaya namna ile? Alitafuta viota vya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu na shingo iliyopinda. Watu walikuwa wameona heroe kwa maelfu na maelfu katika maziwa ya Kenya na Tanganyika, wala hawakujua wanataga wapi. Kumbe wanataga Natron, mbali na ukingo, juu ya gamba la magadi. Kila jozi ya ndege hujenga kichuguu kidogo cha tope, na juu yake huweka yai moja tu. Fisi na mbweha hawawezi kufika, kwa maana tope lile linawachoma wao pia. Maji yanayowaua wengine ni boma la heroe. Na chakula chao kimo ndani ya maji hayohayo: viini vidogo vya kijani, visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, lakini vikiwa vingi maji hugeuka kuwa kama supu ya majani. Heroe huinamisha kichwa, hugeuza mdomo juu chini, huchuja maji na kumeza viini. Rangi yao ya waridi hutoka katika chakula hicho. Heroe wadogo wengi wa dunia nzima huzaliwa katika ziwa hili moja.

Lakini boma hilo lina hatari yake. Mwaka 1962 mvua zilizidi, Natron ikajaa, na mahali pa viota pakafunikwa. Heroe wakahamia Ziwa Magadi, lililo karibu, upande wa Kenya. Maji ya huko yalikuwa mazito mno kwa makinda. Walipotembea, magadi yaliganda miguuni mwao, yakawa bangili nzito za jiwe, wakashindwa kwenda. Wengi walikufa. Watu wakaingia matopeni, wakawashika makinda mmoja mmoja, wakazivunja zile bangili kwa nyundo ndogo, na maelfu wakaokoka.

Basi hilo ndilo ziwa la chumvi: halina mlango, halina kina, jua ni kali, chumvi hujirundika chini tabaka juu ya tabaka, na viumbe wachache walioweza kuishi humo huishi kwa wingi wa ajabu. Picha hiyo ikae akilini, kwa sababu sasa safari inarudi Kolwezi, tena inarudi nyuma sana katika miaka.

Ni miaka mingapi? Ziwa la Katanga lilianza baada ya miaka milioni 880 iliyopita. Hesabu kama hiyo haiingii kichwani kwa urahisi. Na tuseme mtu anahesabu mwaka mmoja kwa kila sekunde, mchana na usiku, bila kula na bila kulala. Baada ya dakika mbili na kitu atakuwa amerudi mpaka siku za Msiri. Baada ya zaidi ya nusu saa atakuwa amerudi miaka 2,000. Na ili afike katika miaka milioni 880, atahesabu kwa muda wa karibu miaka 28.

Wakati huo nchi zote kubwa za dunia zilikuwa zimeshikamana, kisha zikaanza kupasuka. Katika Katanga ulipita ufa kama ule wa Natron. Ardhi ikashuka, mito ikaleta mchanga na tope jekundu, na maji yakajaa. Wataalamu wengine huliita ziwa, wengine huliita ghuba ya bahari, kwa maana bahari iliingia kutoka upande mmoja, ikafungiwa, ikaingia tena. Hapa linaitwa ziwa, kwa kuwa ndivyo lilivyofanya kazi: maji mengi yasiyo na kina, yaliyofungiwa, yakikaushwa na jua. Yalipokauka yaliacha jasi, yaani lile jiwe jeupe laini linalofanywa chokaa ya kufungia mfupa uliovunjika. Yalipokauka zaidi yaliacha chumvi yenyewe. Mito ikaleta tope jipya juu yake, maji yakarudi, jua likayala tena. Ikawa hivyo mamilioni ya miaka, mpaka chumvi ikawa nene sana.

Anayesimama siku hiyo ukingoni angeona nini? Asingeona heroe. Asingeona samaki, wala nzi, wala jani moja la mti. Wanyama walikuwa bado, na nchi kavu ilikuwa mawe matupu na vumbi jekundu toka upeo mpaka upeo. Kimya kabisa, ila upepo na maji. Lakini ndani ya maji palikuwa na uhai. Viini vidogo vya ukoo mmoja na vile wanavyokula heroe viliishi chini, vimeshikana, vikafanya utando unaoteleza, kama ule unaoota juu ya mawe ya kisimani. Tope lilipoanguka juu ya utando, viini vilipanda juu yake vikitafuta mwanga, vikafanya utando mwingine. Tope tena, utando tena. Mwisho likawa jiwe lenye tabaka nyembamba nyingi, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

Mawe ya namna hiyo yanaonekana leo katika migodi ya Kolwezi. Mafundi huyaita kwa herufi tatu za Kifaransa, R.S.C., maana yake mawe magumu yenye vishimo. Ni nyumba za viumbe hao wa kale. Hata kandokando ya Natron na Magadi yako mawe yaliyojengwa na viini kwa njia hiyohiyo, ila ni machanga sana, nayo yako juu ya maji ya leo kwa makumi ya mita. Kwa hayo watu wamejua kwamba maziwa hayo yalikuwa makubwa na ya kina zamani.

Na chumvi ya Katanga, iko wapi? Haipo tena. Chumvi huyeyuka, na katika miaka mingi namna ile maji ya chini ya nchi yaliipata na kuila. Lakini mwizi huacha nyayo. Katika mawe ya Kolwezi kuna vishimo vyenye umbo la fuwele za jasi, navyo vimejazwa na jiwe la aina nyingine, kama vile mtu akikandamiza ufunguo katika udongo, akauondoa, umbo lake likabaki. Tena wataalamu wamekata mawe yenye shaba katika vipande vyembamba kuliko karatasi, wakatazama kwa darubini, wakaona ndani ya fuwele matone madogo sana ya maji yaliyofungiwa toka siku zile. Wakayapima. Ni maji ya chumvi, tena makali kuliko ya bahari.

Hapo ndipo shaba inapoingia katika habari hii. Shaba ilikuwamo tangu mwanzo ndani ya mawe ya zamani na ndani ya ule mchanga mwekundu, lakini ilikuwa imetawanyika, chembe moja hapa na chembe moja pale. Hakuna mtu ambaye angeweza kuichimba. Maji matamu hayana nguvu ya kuibeba. Maji ya chumvi yanayo. Ukitaka kuona, acha maji ya chumvi siku chache juu ya kipande cha waya wa shaba: rangi ya kijani itatokea, nayo ni shaba iliyoanza kulika. Basi maji makali ya chumvi yalishuka ndani ya nchi, yakapata moto, yakapita polepole katika mchanga mwekundu, yakaikusanya shaba, pamoja na kobalti. Kisha yakafika katika yale matope ya ziwa ambamo viini vilikuwa vimekufa na kuoza. Katika uozo huo mna salfa, ile inayonuka kama yai bovu. Shaba ilipokutana na salfa iliacha maji, ikashikamana nayo, ikawa jiwe. Haikuwa kazi ya siku moja wala ya mara moja. Ilirudiwa kwa nyakati mbalimbali, katika mamilioni ya miaka. Ndiyo sababu wachimbaji wa Kolwezi wanakuta tabaka mbili za mali, moja chini ya R.S.C. na moja juu yake, na jiwe lile la viini katikati mara nyingi halina kitu.

Chumvi ilifanya kazi nyingine tena, na hii iliwasumbua sana mainjinia. Jiwe la chumvi si gumu kama mengine. Likilemewa na mzigo mkubwa, huanza kutembea. Ukikamata tonge la bukari ya moto ukalifinya, litatoka katikati ya vidole vyako. Chumvi hufanya hivyo chini ya uzito wa mawe, ikitafuta mahali pa kupandia. Sasa, yapata miaka milioni 550 iliyopita, nchi zilizoachana zilirudi zikagongana. Mawe ya ziwa yakakunjwa kama mkeka, yakasukumwa kuelekea kaskazini. Chumvi ikawa utelezi chini yao. Tabaka zilizolala vizuri zikavunjika vipande vipande, vikateleza juu ya chumvi, vingine vikasimama wima, vingine vikapinduka chini juu. Baadaye chumvi ikayeyuka, na vile vipande vikabaki katika kifusi.

Kwa hiyo ramani ya mawe ya Kolwezi inafanana na sahani iliyoanguka sakafuni. Kipande kimoja kina urefu wa kilomita kadhaa, kingine ni kama nyumba. Ndani ya kipande mali ni nyingi. Ukifika ukingoni, inakatika ghafula kana kwamba imekatwa kwa kisu, na ng'ambo yake ni kifusi kitupu. Wazee waliofanya kazi Kamoto na Musonoi wanalijua vema jambo hilo. Wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu sababu yake, na wengi wao sasa wanaona kwamba chumvi ndiyo iliyofanya. Na chemchemi za Mwashya zinafahamika kwa njia hiyohiyo: maji ya chini yakipita katika mabaki ya ziwa la kale, huinuka na ladha yake.

Mwisho mvua ilizimenya nchi za juu, na vipande vyenye shaba vikatokea. Kwa kuwa vina mawe magumu, vilisimama kama vilima. Hewa na maji viliigeuza shaba ya juu kuwa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mtoto wa Kolwezi huliokota njiani. Wenyeji waliijua shaba hiyo, wakaichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla ya Mbelgiji Jules Cornet kupita mwaka 1892 na kuiandika katika vitabu vyake. Walijuaje kilima chenye shaba? Miti yote ya nchi hii, miombo mirefu, husimama mpaka chini ya kilima, halafu inakoma. Juu ni majani tu na maua. Shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti.

Basi kilima cha shaba ni kama Ziwa Natron lililo kavu. Mahali panapowaua wengi, wachache wamefanya boma lao. Upo mmea mdogo wa ukoo wa mrehani, wenye maua ya zambarau, unaoitwa na wataalamu Haumaniastrum katangense. Watu wengi huuita ua la shaba. Upo mwingine wa ukoo wa maharagwe, wenye maua ya manjano, Crotalaria cobalticola, uliopewa jina kwa sababu ya kobalti. Mimea kadhaa ya vilima hivyo haioti mahali pengine popote duniani, na mingine imeonekana katika vilima vichache tu. Wachunguzi wa mambo ya kale wamesaidiwa na ua la shaba: walipoliona limeota kwa wingi mahali pasipo kilima, walichimba, wakakuta tanuri za zamani za kuyeyushia shaba na misalaba midogo. Mmea ulikuwa umefuata makombo ya mafundi.

Lakini kilima chenye ua la shaba ndicho kilima kinachotafutwa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wa Kolwezi ukajengwa mwaka 1937, na baada yake ikaja Gécamines, kisha makampuni mengine. Mahali pa vilima vingi sasa ni mashimo ambamo lori kubwa linaonekana kama mdudu. Katika mtaa wa Kasulo, hapo Kolwezi, mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba ndani ya nyua, hata ndani ya vyumba. Kobalti hiyo inatakiwa ulimwenguni kote kwa betri za simu na za magari. Mwaka 2018 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na katika damu kuliko watu wa mtaa wa jirani, na watoto wakazidi wakubwa. Ilitoka katika vumbi, kwa kuwa watoto hucheza chini na hutia mikono kinywani.

Kilima kikiisha kuchimbwa hakirudi, na mimea yake hupotea pamoja nacho. Katika mgodi wa Tenke-Fungurume, ulioanza kazi mwaka 2009, wataalamu wa mimea kutoka Lubumbashi na Ubelgiji walijaribu njia ya kuiokoa. Kabla ya mashini kufika walikusanya mbegu, na sehemu ya mbegu hizo zimehifadhiwa katika bustani ya Meise, karibu na Brussels. Lakini mbegu peke yake haitoshi. Ukipanda ua la shaba katika udongo mwema wa shambani, mara nyingi miche hushikwa na kuvu ikaoza, au majani mengine huisonga, kwa maana shaba ndiyo iliyokuwa ikiwazuia adui zake. Kwa hiyo wakafanya jambo ambalo mkulima yeyote angelicheka: waliutoa udongo wa juu wa kilima, wenye sumu yake yote, wakaupeleka mahali palipotengwa, wakautandaza upya, wakangoja mvua.